Sanaa za mapigano za Asia: zinapigana kweli, au ni kuinamiana na mikanda tu?

Mkeka Mgumu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ile video ya Chengdu imerudi tena kwenye magrupu, na kama kawaida watu wamegawanyika makundi mawili yaleyale. Kwa ambaye haijamfikia: Aprili 2017, huko Chengdu, Uchina, mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko, ngumi, mateke na kukabana) aitwaye Xu Xiaodong alikutana na Wei Lei, mwalimu wa tai chi aliyewahi kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa akimzuia njiwa asiruke kiganjani mwake kwa "nguvu ya ndani". Pambano halikumaliza nusu dakika. Wei Lei alikwenda chini, akala ngumi za kutosha, ikabidi azuiliwe yule mwingine.

Kundi la kwanza linasema mmeona wenyewe, karate na kung fu na aikido zote ni ngoma, nendeni mkajifunze ndondi. Kundi la pili linasema mbinu za asili ni za kuua, ndiyo maana haziwezi kuonyeshwa ulingoni. Mruhusuni mwalimu atoboe macho na kuvunja koo muone.

Mimi nilianzia karate, sasa niko kwenye judo, na naona wote wanakosea mahali pamoja. Wote wanadhani ubora wa sanaa umo ndani ya mbinu zake. Mimi nasema umo kwa yule mtu mnayefanya naye mazoezi. Je, anakukatalia? Ukimvuta, anavutika kwa sababu umemvuta vizuri, au anavutika kwa heshima? Na hapo ndipo falsafa inapoingia, maana hakuna binadamu atakayekukatalia kwa nguvu zake zote, jioni baada ya jioni, kama hana imani kwamba akianguka utamlinda.

Mfano wangu ni Kano Jigoro, mwasisi wa judo. Alizaliwa 1860, mwili mdogo, shuleni akionewa na wenye miraba. Japani ya ujana wake ilikuwa imeshageuka: mwaka 1876 samurai walikatazwa kutembea na panga, na jujutsu, sanaa yao ya kupigana bila silaha, ilionekana kitu cha kale cha watu waliokosa kazi. Ilibidi Kano azunguke kwa waunga mifupa kutafuta mwalimu, kwa sababu mafundi wengi wa jujutsu walikuwa wakiishi kwa kuunga mifupa. Mwaka 1877 akampata Fukuda Hachinosuke. Fukuda akafariki 1879, Kano akaendelea na walimu wengine wa mikondo miwili tofauti, na mwaka 1882 akafungua Kodokan yake ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo. Mikeka 12, wanafunzi 9.

Sasa angalieni alichofanya. Zile mbinu za kuua ambazo kundi la pili linajivunia, ngumi za kooni, kuvunja vidole, kupindua viungo, hatua kwa hatua alizitoa kwenye mazoezi huru akaziweka kwenye kata, yaani mazoezi ya hatua zilizopangwa tayari, zifanywe kwa uangalifu. Yakabaki kuangusha, kubana chini, kabali na, mwishowe, kukunja kiwiko peke yake. Ukisikia hivyo utasema amelifanya jino la simba kuwa la plastiki. Kilichotokea ni kinyume chake. Kwa kuwa hakuna tena mbinu ya kumlemaza mwenzako, mnaweza kushikana na kuangushana kwa nguvu zote kila siku, na kesho yake wote mkarudi. Hayo ndiyo randori: kila mmoja anataka kumwangusha mwenzake na hakuna aliyekubali kuanguka. Mtu wa "mbinu za kuua" hajawahi kuifanya mbinu yake hata mara moja kwa ukamilifu, kwa sababu angekuwa ameua. Mtu wa judo ameshaufanya mtama wake maelfu ya mara dhidi ya watu wasioutaka.

Hata wenyewe wa upanga waliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa karne ya 18, shule ya Jikishinkage iliendeleza upanga wa mianzi na kinga za kichwa, kifua na mikono, watu wapate kupigana kweli badala ya kurudia mpangilio tu. Kendo ya leo imetoka huko.

Baadaye, mwaka 1922, Kano aliyaandika mafundisho yake kwa kauli mbili: tumia nguvu zako kwa njia yenye tija kuliko zote, na tustawi pamoja, wewe na mwenzako. Watu huyasoma ukutani wakadhani ni mawaidha. Kwenye mkeka ni maelekezo ya kazi. Ninapokurusha begani, mkono wangu unabaki umeshika mkono wa kanzu yako ya mazoezi hadi unagusa chini, ili kichwa chako kisitangulie. Nikiuachia, wiki ijayo sina mtu wa kufanya naye mazoezi.

Karibuni, mniponde kwa hoja.

Konde la Kushoto

Mkuu uzi mtamu, ila umejifunga goli mwenyewe. Kama siri ni mtu anayekukatalia, basi sisi wa ndondi tunaye tangu zamani na hatukuhitaji hekalu. Gym yetu haina maandishi ukutani, ina kioo kilichopasuka na begi la mchanga. Jumamosi ni raundi, ukizembea pua inatoa taarifa. Hatuinamiani, hatusemi Kijapani. Sasa hicho cha "Asia" kiko wapi hapo?

Na mbona umeruka Novemba 1993, Denver? UFC ya kwanza kabisa, yale mashindano makubwa ya MMA, ilikuwa na watu wa karate, sumo, mateke ya kila aina. Aliyechukua ni Royce Gracie, Mbrazili mwembamba, kwa kuwakaba chini. Wazee wa mikanda wakaenda na maji.

Mkeka Mgumu

Konde, nakubali kwamba kupigana mazoezini hakuna pasipoti. Gym yako ina ukweli mwingi kuliko dojo nyingi, kumbi zetu za mazoezi, ninazozijua.

Ila Royce ni mtoto wangu huyo. Mjapani Maeda Mitsuyo, kijana wa Kodokan, alizunguka dunia akipigana kwa ada hadi akahamia Brazili, na huko akamfundisha Carlos Gracie. Carlos akawafundisha ndugu zake, akiwemo Hélio, baba wa Royce. Kwa hiyo aliyeshinda Denver alishinda kwa kazi ya Kano iliyopita Belém, mji wa Brazili alikofundisha Maeda. Wabrazili walishika kilekile nilichokisema: mbinu chache, na mtu anayekataa.

Halafu usisahau mwaka 2009 mkanda wa UFC wa uzito mwepesi-mzito ulikwenda kwa Lyoto Machida, aliyelelewa na baba mwalimu wa Shotokan, mkondo mmoja wa karate. Ile ile karate ya kusimama mbali, kungoja, kuingia mara moja na kutoka. Hakuvumbua mateke mapya. Aliyajaribu dhidi ya watu wa mieleka na jiu-jitsu tangu ujana.

Tofauti yetu na nyie nitakayoisimamia ni moja: gharama ya kukataliwa. Raundi za Jumamosi zinalipwa na ubongo, na hilo hulijui leo, utalijua ukiwa na wajukuu. Judo nayo inakula magoti na vidole, sikufichi, lakini kabali unagonga mkono, unaachiwa, mnaendelea.

Binti Wete

Assalaam aleikum. Mimi ni wa karate, mkondo wa Goju-ryu, na nimechoka kusikia kata zikiitwa ngoma. Ila nimechoka zaidi na walimu wetu wanaosema hivi tunavyofanya ndivyo walivyofanya "wazee miaka elfu iliyopita". Sivyo.

Kile ambacho wengi wetu tunakiita desturi, yaani kupanga mistari, mwalimu anahesabu, watu 40 wanapiga ngumi hewani kwa pamoja, kimeanza juzi tu. Mwaka 1901 mwalimu Itosu Anko aliiingiza karate kwenye shule za Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ilikotoka karate, na mwaka 1908 akaandika barua ya nukta 10 kuieleza na kuitetea. Ukiisoma unamwona mtu anayejua anaongea na serikali: anataja afya, anataja vijana watakaofaa jeshini. Ukiwa na darasa zima la watoto huwezi kuwafundisha kukaba na kung'oa viungo, kwa hiyo alitengeneza kata nyepesi za Pinan na kuweka mkazo kwenye mwili na nidhamu. Kabla ya hapo ilikuwa mwalimu mmoja na wanafunzi wachache uani, makiwara, yaani ubao wa kupiga ngumi, na mazoezi ya kusukumana mikono, yale Goju-ryu bado tunayaita kakie. Kakie ni mtu anayekukatalia, kama anavyosema mwanzisha uzi.

Na kanzu nyeupe na mikanda? Zimetoka kwa huyohuyo Kano. Funakoshi Gichin, mwalimu wa karate, alipotoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka 1922, Kano alimwalika Kodokan afanye onyesho. Mwaka 1924 Funakoshi akatoa madaraja ya kwanza ya dan, yaani ya mkanda mweusi, kwa mfumo wa judo. Wanaopigania usafi wa jadi wajue wanapigania mkopo.

Kata kwangu ni daftari. Daftari peke yake halifaulu mtihani, lakini asiye nalo anaanza upya kila mwaka.

Njiwa Hajaruka

Dada Binti umeongea. Ila mbona mnazunguka? Semeni kuhusu chi, hiyo "nguvu ya ndani". Kuna jamaa zetu wanalipa hela wafundishwe kumwangusha mtu bila kumgusa. Nimeona klipu, mwalimu anapunga mkono, wanafunzi sita wanaanguka kama maembe.

Mkeka Mgumu

Hao ndio ushahidi wangu mkubwa kuliko wote. Japani kulikuwa na Yanagi Ryuken, mwalimu wa kupiga bila kugusa. Mwaka 2006 akakubali kupambana na mpiganaji wa MMA, tena pesa ikiwekwa mezani. Yule kijana alimsogelea akampiga, basi, imekwisha. Kilichonishangaza, huyu hakuwa kama matapeli wengine: mzee alikuwa anaamini. Tapeli asingepanda ulingoni. Wanafunzi wake walikuwa wamemdanganya kwa miili yao kwa miaka, kila mmoja akianguka kwa sababu aliyemtangulia ameanguka. Heshima isiyokatalia inamlemaza mwalimu kabla ya mwanafunzi.

Chaki Nyeupe

Nafundisha historia, niruhusuni.

Imani ya mwili usioingia silaha haikuanza kwenye klipu. Mwaka 1900 Uchina, wapiganaji wa Yihetuan, kundi la waasi waliopinga wageni, walifanya mazoezi ya ngumi na kuomba pepo wakiamini risasi haziwapati, wakazingira balozi za kigeni Beijing. Miaka mitano baadaye Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe anagawa maji. Hayo mambo mawili hayakuambiana, ila yana baba mmoja: watu waliozidiwa silaha wanatafuta kilichobaki, na kilichobaki ni mwili na imani. Sipendi wanaowacheka. Yihetuan waliunganisha vijiji, na maji yaliunganisha makabila. Risasi tu ndizo hazikusikiliza.

Lakini naona uzi huu unaisifu mno Japani, na Kano hasa. Sasa niwape upande ambao hauandikwi ukutani.

Hicho kinachoitwa "bushido", yaani maadili ya samurai, kwa sura tunayoijua, kilipata umaarufu kwa kitabu cha Nitobe Inazo cha mwaka 1900, alichokiandika kwa Kiingereza akiwa Marekani, kwa ajili ya wageni. Nyumbani, mwaka 1895 ilikuwa imeundwa Dai Nippon Butoku Kai kule Kyoto kusimamia sanaa za mapigano, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa mkono wa dola. Mwaka 1931 judo na kendo zikafanywa lazima kwa wavulana wa shule za kati. Zilikuwa zinaandaa nini? Tunajua. Ndiyo maana baada ya 1945 jeshi la Marekani lilizipiga marufuku shuleni, na judo ikarudi mwaka 1950.

Tuje karibu zaidi. Kati ya 1983 na 2011, zaidi ya watoto 100 walifariki katika judo ya shule nchini Japani, wengi kwa majeraha ya kichwa. Nchi yenyewe ya "tustawi pamoja". Mwaka 2013 ikafichuka kwamba wanawake 15 wa timu ya taifa ya judo walilalamika kupigwa na makocha, hadi kwa panga za mianzi, na kocha mkuu akajiuzulu. Kwa hiyo naomba mwanzisha uzi aeleze: falsafa ilikuwa wapi siku hizo?

Mkeka Mgumu

Mwalimu, hilo swali nimelikalia tangu jana.

Jibu langu: ilikuwa ukutani. Na ukutani haifanyi kazi. Nirudi kwenye kitu kidogo kabisa cha judo, kugonga. Ukikabwa, unagonga mkeka au mwili wa mwenzako, naye anaachia papo hapo. Hakuna mjadala, hakuna cheo. Mkanda mweupe akigonga, mkanda mweusi anaachia. Hiyo ndiyo katiba ya chumba kile. Nyingine zote ni sheria ndogo.

Watoto wale wa Japani walikuwa wamenyimwa haki hiyo. Mtoto ambaye shingo yake bado haijazoea kuanguka anarushwa na mkubwa tena na tena, akisema kichwa kinauma anaambiwa avumilie, uvumilivu ndiyo roho ya budo, njia ya mpiganaji. Pale neno "roho" limetumika kuifuta haki ya kugonga. Wale wanawake 15 nao waligonga, kwa barua, kwa kuwa kwenye mkeka hakuna aliyeachia. Wazazi wa waathirika waliungana wakapiga kelele, walimu wakaanza kufundishwa hatari za kichwa, na vifo vikapungua sana. Si kisomo cha falsafa kilichowaokoa. Alilindwa anayeanguka.

Kuhusu vita sina utetezi. Kano mwenyewe alifariki 1938 melini akirudi kutoka Cairo kwenye kikao cha Kamati ya Olimpiki, huku nchi yake ikiwa imeshaingia vitani Uchina. Tangu 1909 alikuwa Mwasia wa kwanza kwenye kamati ile, anahubiri mataifa kukutana kwenye michezo. Mfumo alioujenga yeye ulichukuliwa na wenye mfumo mkubwa zaidi.

Binti Wete

Naongeza la kina dada maana wanaume mmelipita. Yule Fukuda, mwalimu wa kwanza wa Kano, alikuwa na mjukuu wa kike, Keiko, aliyezaliwa 1913. Kano mwenyewe alimwalika aje kujifunza. Akaitumikia judo maisha yake yote, akaishia Marekani. Lakini wanawake walikuwa hawaruhusiwi kupita dan ya 5, akakaa hapo miaka mingi sana, hadi kanuni ilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo Marekani kikampa dan ya 10. "Tumia nguvu kwa tija", na mwanamke kama huyo amewekwa benchi.

La pili, nani aliiona fainali ya karate ya Olimpiki ya Tokyo, uzito wa juu wanaume, Agosti 2021? Tareg Hamedi wa Saudia anaongoza 4 kwa 1. Anampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa, Muirani anazimika, anabebwa kwenye machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kupiga bila kujidhibiti, dhahabu ikaenda kwa aliyelala. Dojo yetu iligawanyika wiki nzima. Mimi nilikuwa upande wa waamuzi. Kanuni ilijulikana: unaonyesha kwamba ungeweza, na unasimama hapo.

Konde la Kushoto

Hapana, dada, hapana. Mtu kapigwa kazimika halafu kashinda? Mwambie bondia yeyote wa Manzese hivyo atakuombea dua. Na ndiyo maana karate haikuonekana Paris 2024.

Binti Wete

Paris iliachwa na waandaaji kabla hata Tokyo haijafanyika, kaka. Usiunganishe.

Nesi wa Zamu

Shikamooni wakubwa. Mnapigana sana, mimi nawaza wazee. Wodi ninayofanyia kazi, mzee anayeletwa kavunjika nyonga hakupigwa na mtu. Kaanguka bafuni.

Huyo Wei Lei alijitafutia, lakini msiizike tai chi pamoja naye. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Oregon wa watu 195 wenye Parkinson: waliofanya tai chi kwa miezi sita walisimama imara kuliko waliofanya mazoezi ya nguvu au ya kujinyoosha, na walianguka mara chache kuliko hao wa kujinyoosha. Ni ule uhamishaji wa uzito pole pole kutoka mguu hadi mguu, goti limekunjwa. Kwa mtu wa miaka 70 hiyo ni kujihami kwelikweli.

Mkeka Mgumu

Nesi, marahaba, na asante. Tai chi ya bustanini na tai chi ya kupigana zina historia mbili. Yang Luchan aliitoa kijiji cha Chenjiagou, Henan, katika karne ya 19 akaipeleka Beijing, na huko kijijini walikuwa na kusukumana mikono, yaani yuleyule mtu wa kukatalia. Ile ya miondoko 24 wanayofanya wazee asubuhi ilifupishwa na kamati ya michezo ya serikali ya Uchina mwaka 1956, kwa ajili ya afya ya umma. Inafanya vizuri sana kazi iliyotengenezewa. Wei Lei aliibebesha kazi nyingine.

Na kuanguka ndiyo mbinu ya judo inayotumika kuliko zote maishani. Mwezi wa kwanza mzima hujifunzi kumwangusha mtu, unajifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga chini, hewa inatoka. Jamaa zangu wengi wa mkekani hawajawahi kupigana mtaani. Walioanguka na bodaboda ni wengi.

Mpita Njia wa Buza

Mimi niulize la uswahilini. Panya road wanakuja saba na mapanga. Mtama wako utampiga nani?

Mkeka Mgumu

Simpigi mtu mkuu. Natoa simu, kama kuna upenyo nakimbia. Mwalimu yeyote anayekuuzia mbinu ya kumnyang'anya mtu panga, mwombe mjaribu kwa kalamu ya wino mkali na fulana nyeupe, yeye akunyang'anye huku wewe unakataa. Halafu hesabuni mistari kwenye fulana.

Kinachosaidia mtaani ni vitu visivyo na picha nzuri. Kutoganda ukishikwa ghafla, kwa sababu umeshazoea kushikwa. Kujua kuinuka kutoka chini. Kutopandisha ugomvi wa baa, kwa kuwa mtu anayekataliwa kila Jumatano na kijana wa kilo 60 hana hamu ya kuthibitisha kitu kwa mlevi. Motobu Choki wa Okinawa alikuwa akitafuta ugomvi mitaani usiku ili apime mbinu zake, na kupigana alijua, hilo hakuna anayebisha. Funakoshi hakumpenda, na naye hakumpenda Funakoshi. Ukiniuliza nani alikuwa hatari, Motobu. Ukiniuliza mwanangu nimpeleke kwa nani, sitachelewa kujibu.

Mama Wawili

Habari zenu. Nimesoma uzi wote japo sijui ngumi wala teke. Nina binti wa miaka 9 na kaka yake wa 12, wanataka karate kwa sababu ya sinema za kibanda umiza. Nitajuaje mahali pazuri? Walimu wote wana mikanda myeusi na vyeti ukutani.

Mkeka Mgumu

Karibu sana dada. Vyeti usivisome. Omba ukae pembeni darasa zima, ukikataliwa, kwaheri.

Mtazame mdogo kuliko wote mkekani. Wakubwa wakimshika, wanampa nafasi ya kujaribu na kufeli, au anatumika kama begi? Mtoto akilia au akisema panauma, nini kinatokea ndani ya sekunde kumi zinazofuata? Mimi ningeamua kwa hilo peke yake. Kisha angalia kama kuna muda wowote ambapo watoto wanafanya kitu dhidi ya mwenzao anayekataa, hata kama ni kusukumana tu. Saa nzima ya kupiga hewa ni mazoezi ya viungo, sawa, yana faida, lakini usilipie kama kujihami. Kama ni judo, wageni wafundishwe kuanguka kwa wiki kadhaa kabla ya kurushwa, na mtoto akigonga kichwa apumzishwe siku hiyo, asirudishwe. Uliza mitihani ya mikanda ni mara ngapi na bei gani. Mkanda mpya kila miezi miwili ni biashara ya vitambaa.

Na kwa binti, uliza waliomtangulia. Kama hakuna msichana hata mmoja aliyedumu hadi mikanda ya juu, kuna sababu, na hutaambiwa na sensei.

Chaki Nyeupe

Ongezea kwamba hii si michezo ya Wajapani na Wachina tu. Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwenye judo ya Olimpiki, Rio 2016, uzito wa kilo 73. Vijana wakijua kuna njia hadi huko, sinema zitapungua kichwani.

Konde la Kushoto

Mkeka, umenichosha kwa maneno. Nimeamua nije Jumatano nijionee. Masharti: sivai ile kanzu yenu nzito, nakuja na fulana na bukta, na mtu asiniambie niiname.

Mkeka Mgumu

Kuinama tutakusamehe wiki ya kwanza. Ila bila kanzu nitakushika wapi nikikurusha? Au unataka kichwa kitangulie?

Konde la Kushoto

Ipo saizi ya kilo 94?